Benchi Linalotazama Bahari

Huu ni mwaka wa 19 tangu mimi na mke wangu tufunge ndoa, na hadi Oktoba iliyopita tulikuwa hatujawahi kusafiri wawili peke yetu pasipo msiba wala arusi. Mombasa tumekwenda kuzika. Tanga tumekwenda kuzika na kuoza. Leicester na Birmingham tumekwenda kwenye arusi za watoto wa watu, sufuria la pilau limefungwa kwa kanga kwenye kiti cha nyuma. Lakini kufunga mkoba mdogo, kupanda treni na kwenda mahali ambapo hakuna anayetungoja, hilo lilikuwa halijatokea.

Yeye ni muuguzi wa zamu za usiku. Mimi hutoka nyumbani saa 12 asubuhi. Kwa miaka mingi tumepishana mlangoni, mmoja akivua viatu na mwenzake akivaa, na kuna wiki ambazo mazungumzo yetu mengi yalikuwa kwenye karatasi ya mlango wa friji: bamia zimo kwenye bakuli la kijani, mdogo ana daktari wa meno Alhamisi, kodi imelipwa. Wanandoa wa namna hii ni wengi mno miongoni mwetu tuishio London, na najua wako pia Dar es Salaam na Nairobi, ambako foleni ya magari hula saa ambazo huku huliwa na zamu. Hatukuwa tumegombana. Tulikuwa hatuonani.

Siku moja ya Septemba aliketi kitandani, bado na sare ya kazi, akaniambia, "Bwanangu, mie nataka kuisikia bahari. Si kuoga. Kuisikia tu." Yeye ni mtoto wa Likoni, mvumo wa maji ulikuwa ndio bembelezi lake. Mimi ni mtu wa Tanga. Tukawapeleka watoto kwa mama yao mdogo, tukachukua chumba cha siku mbili Hastings, mji wa pwani ya kusini mashariki ya Uingereza, kwa wikendi ya mwisho ya Oktoba.

Vitabu vya shule huyaita majira hayo vuli, na kwa miezi yanalingana, lakini vuli yetu ni mvua ya kupandia na hii yao ni majani kupukutika, baridi kuanza kung'ata masikio na jua kuzama mapema. Wageni wa kiangazi wameshaondoka. Bei za vyumba zimeteremka, na aliyekuwa akiuza aiskrimu sasa anauza chai. Kwa watu wenye uhaba wa pesa na wa siku za kupumzika, huo ndio msimu wa kwenda ufukoni.

Treni kutoka kituo cha Charing Cross huchukua saa 1 na nusu na zaidi kidogo. Inapita mji mdogo wa Battle, mahali pa vita vya tarehe 14 Oktoba 1066, ambapo Mfalme Harold aliuawa, naye William wa Normandy akaitwaa Uingereza. Dunia nzima inaviita vita vya Hastings, ingawa Hastings yenyewe iko mbele kidogo. Mke wangu alikuwa amelala begani kwangu tulipopita hapo. Sikumwamsha.

Tulipofika, kilichonishika macho si kasri la William lililobomokea juu ya kilima. Ni mabenchi. Yamepangwa kandokando ya barabara ya ufukoni, moja baada ya jingine, yote yakitazama maji. Mengi yana kibao kidogo kwenye mgongo wake, kimeandikwa jina la marehemu, miaka aliyoishi, na neno la kusema kwamba alipapenda hapo. Familia hulipa, halmashauri huliweka benchi, na kila mpita njia ana ruhusa ya kukaa. Vibao vingine vina majina mawili, la mume na la mke. Nilivisoma kimoja kimoja, kama mtu apitaye makaburini, ila hawa marehemu wameacha nafasi ya kuketi. Kwetu tunaijua sadaka ya jariya: kisima, mkeka wa msikiti, mti wa kivuli. Benchi sikuwahi kulifikiria.

Wazee wa hapa wana desturi nyingine ambayo nilipofika nchi hii niliionea huruma. Mume na mke huja na gari, huliegesha likielekea baharini, hutoa chupa ya chai, na hukaa humo ndani nusu saa nzima bila ya kusemezana. Nilidhani wamechokana. Sasa nina umri wa kuelewa kwamba kuna watu wawili wanaokwenda mbali ili wakae kimya pamoja, kwa sababu kimya cha nyumbani kina vyombo vya kuosha ndani yake.

Upande wa mashariki wa mji, chini ya jabali, kuna mahali paitwapo Stade. Neno hilo ni la Kiingereza cha kale na maana yake ni pwani ya kupandishia vyombo. Nilipomweleza mke wangu, alijibu kwa neno moja: "Diko." Na ni diko kweli. Hastings haina bandari. Mwishoni mwa karne ya 19 walianza kujenga mkono wa zege uingie baharini ili wapate kizuizi cha mawimbi. Pesa zikaisha, na kipande chake kimesimama pale hadi leo. Kwa hiyo mashua huja moja kwa moja hadi kwenye kokoto, huvutwa juu kwa winchi, na zikitaka kuteremka husukumwa na tingatinga. Ndiyo sababu ni fupi na nene matumboni. Chombo kirefu kisingeweza kupanda. Maji ya huko hujaa na kupwa kwa kimo kikubwa kuliko kwetu, wakati wa bamvua zaidi ya mita 6, na mvuvi anayekosea saa yake hana bandari ya kukimbilia.

Nyuma ya mashua kuna vibanda vya mbao vilivyopakwa lami, vyeusi tititi, vyembamba na virefu kama watu waliosimama foleni. Vimekwenda juu kwa sababu ardhi ya pwani ilikuwa finyu, na nyavu za zamani za nyuzi za mimea zilioza zisipokaushwa vizuri. Kando yake kuna kanisa dogo lililojengwa katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya wavuvi. Tangu 1956 ni makumbusho yao, na ndani yake imo mashua ya tanga iliyoundwa 1912. Ilibidi ukuta ubomolewe ili iingie. Mke wangu aliweka kiganja kwenye ubavu wa mashua ile akakaa hivyo muda mrefu. Babu yake alikuwa fundi wa vyombo.

Tulinunua samaki kwenye kibanda kilicho hatua chache kutoka mashuani: heringi wanne na gayogayo mmoja mnene. Muuzaji alitaka kuwakata vichwa, mke wangu akamzuia kwa mkono wote. Chumba chetu kilikuwa na jiko dogo la umeme. Alikuwa ametoka na ndimu, kitunguu saumu na bizari ndani ya mkoba wake tangu London, kwa hiyo jambo hili alilipanga. Tulikaanga tukiwa tumefungua dirisha, baridi ikiingia na moshi ukitoka, tukala kwa mkono, tumekaa sakafuni. Kisha tukanywa chai tukisikiliza kokoto. Ufuo wa mchanga kama wetu huvuma; huu wa kokoto huguruma wimbi linapokuja, na linaporudi huburuta mawe yote kwa pamoja, kama mtu anayemimina mahindi makavu kwenye sinia.

Diko lile lina mgogoro wake. Mwaka 2012 jumba la sanaa lilifunguliwa papo hapo ufukoni, na baadhi ya wavuvi na wakazi walilipinga kwa nguvu wakihofia kwamba huo ulikuwa mwanzo wa kuondolewa. Mimi hofu yao naiheshimu, kwa sababu najua jinsi mambo yaendavyo pwani: pesa za utalii zikifika, anayehamishwa kwanza ni anayenuka shombo. Nilichokiona mimi ni kwamba mashua bado zipo, na nyavu bado zimelundikwa mita chache kutoka kwenye mlango wa jumba lile.

Jumamosi mchana mvua ilinyesha, ile ya huko isiyo na ngurumo, inayokuja ubavuni. Hapo ndipo tulipoujua Uchochoro wa Chupa, Bottle Alley kwa wenyewe. Katika miaka ya 1930 mhandisi wa mji, Sidney Little, alijenga njia ya ghorofa mbili kandokando ya bahari kuelekea St Leonards. Ya juu iko wazi. Ya chini ina paa, na upande wa maji iko wazi ili mtembeaji aone mawimbi bila ya kulowa. Ukutani alipachika vigae vya chupa zilizovunjika kwenye zege, vya kijani, vya kahawia, vya bluu, na taa zikiwaka vinametameta. Little alipenda zege hadi watu wakamtania kwa hilo. Ninachokipenda mimi ni kwamba mtu mmoja aliyelipwa kwa kodi ya mji alikaa na karatasi zake akawaza: watu wakija kutembea na mvua ikanyesha, wataelekea wapi?

Tuliitembea njia ile kwenda na kurudi mara tatu. Mara ya kwanza tulizungumza habari za watoto. Mara ya pili tukazungumza goti la mama yangu na nyumba tunayojenga polepole Pongwe. Mara ya tatu aliniambia habari ya mgonjwa mmoja wa mwaka 2020, usiku mmoja wa Aprili, na alichoambiwa na mgonjwa huyo. Sitaiandika hapa. Nasema tu kwamba tulikuwa tumeishi nyumba moja miaka yote hiyo na sikuwa naijua, na kwamba sebuleni kwetu, penye televisheni na watoto na simu inayolia, asingeweza kuisema. Ilihitaji saa nzima ya kutembea bega kwa bega bila ya kutazamana usoni. Hatukulipa hata senti.

Hili ndilo nililolibeba kutoka Hastings, na nalisema bila kusita: ufuo ulio wazi kwa watu wote ni jambo la ndoa. Tumezoea kuujadili kama jambo la utalii, la uvuvi au la mazingira. Lakini wanandoa wasio na nyumba kubwa, waliozungukwa na watoto, wakwe na wapangaji, ambao ukuta wao unasikika upande wa pili, wanahitaji mahali pa kukaa wawili pasipo kununua chochote. Nyumba yetu ya Kiswahili, kwa uzuri wake wote, ina baraza kwa wanaume na ua kwa wanawake. Mahali pa mume na mke kuketi upande mmoja, wakitazama kitu kimoja, haina, ila chumbani. Bahari ingeweza kuwa mahali hapo.

Nakumbuka mwaka wetu wa kwanza. Tulikuwa kwao Mombasa, tumekaa kwa wakwe, watu 11 katika nyumba ya vyumba vitatu. Jumapili moja tukapanda matatu kwenda pwani ya kaskazini, tukateremka kwa njia nyembamba kati ya kuta mbili ndefu, tukakaa mchangani karibu na maji, yeye na buibui lake na mimi na kifurushi cha viazi karai. Haikupita robo saa, askari wa hoteli iliyokuwa nyuma yetu akaja. "Nyinyi mwalala hapa?" Tukasema hapana. "Basi hapa ni pa wageni." Kwa lafudhi yake alikuwa mtoto wa pwani kama sisi, na hakutuangalia machoni alipolisema. Mke wangu aliinuka akakung'uta buibui lake pole pole, chembe kwa chembe, na hatukurudi tena ufuo ule.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 62, inasema kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Tanzania nayo, katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni. Kwa hiyo mchanga ni wetu. Kinachokosekana ni namna ya kuufikia. Ukuta ukiunganishwa na ukuta, kiwanja na kiwanja, kilomita nzima inapita bila ya njia ya kuteremkia, na mchanga wa umma unakuwa kama embe juu ya mti wa jirani. Waingereza waliliona tatizo hilohilo kwao, na mwaka 2009 Bunge lao likapitisha sheria ya kufungua njia ya miguu kuizunguka pwani yote ya England. Wenye mashamba walilalamika. Kazi ikaendelea.

Na wasije watu wakaniambia kwamba Waingereza wana mabenchi kwa kuwa ni matajiri. Mapumziko ya pwani yalianza kwa wakubwa, katika karne ya 18, madaktari walipowashauri wakaoge na hata wakanywe maji ya bahari. Mfanyakazi alifika baadaye, na alifika kwa kupiganiwa: reli ilikuja Hastings katikati ya karne ya 19, sheria ya sikukuu za benki ikapita 1871, na likizo yenye malipo haikuingia katika sheria hadi 1938. Mpaka rangi wa Hastings, aliyejiita Robert Tressell, aliandika riwaya ya The Ragged Trousered Philanthropists kuhusu mafundi wanaozipamba nyumba za mji wa namna hii huku wao wenyewe wakilala njaa. Ilichapishwa 1914, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Kila nikiifikiria nawakumbuka wanawake wa Likoni wanaotandika vitanda vya wageni kwa miaka 20 na hawajapata kukaa mchangani na waume zao hata siku moja.

Hastings ya leo pia si mji wa raha tupu. Ndege za bei nafuu za kwenda Hispania ziliondoka na wageni wake, nyumba nyingi za wageni zikawa vyumba vya kupangisha watu wa kipato cha chini, na umaskini wake unajulikana. Hata gati lake la 1872, lililoungua 2010, wakazi walijichanga wakanunua hisa, likafunguliwa upya 2016, mwaka uliofuata likapata tuzo ya Stirling, ambayo ni kubwa kuliko zote za usanifu wa majengo nchini humo, na kufikia 2018 lilikuwa limeuzwa kwa mtu binafsi. Cha umma kinahitaji kulindwa kila mwaka. Lakini benchi lipo. Mama aliyekosa kodi ya nyumba hukaa juu yake sawa na mimi niliyetoka London.

Kwetu mifano haikosekani. Forodhani ya Unguja ilifanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena 2009. Nenda jioni uone watu wa kila namna wanavyokaa ukingoni na sahani ya urojo. Mama Ngina pale Mombasa palikarabatiwa 2019, na kabla ya ukarabati na baada yake watu wamekuwa wakienda kula mihogo ya kukaanga na kutazama meli zikiingia Kilindini. Pale wanandoa huonekana, hata wazee. Ninachokitaka ni hicho kiteremke hadi kwenye miji midogo na mitaa ya kawaida: Tanga, Pangani, Kilwa, Lindi, Malindi, Msambweni. Njia ya upana wa mkokoteni kila baada ya viwanja kadhaa, isiyofungwa geti. Mikungu michache ya kivuli. Taa, ili mwanamke asiogope kurudi magharibi. Choo safi. Na mabenchi yawe ya watu wawili. Anayetaka kumwekea marehemu wake sadaka, halmashauri impokee na imwonyeshe mahali.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya mume na mke hayawekwi barabarani. Wanasema kweli kuhusu mengi. Lakini kukaa si jambo la kuficha. Watoto wetu wanatuona tukigombania bili na tukigawana kazi. Sijui ni wangapi wametuona tumekaa pamoja bila ya shughuli.

Jumamosi ile jioni nilimpigia mama simu Tanga. Alisikia upepo. "Mko wapi?" Nikamwambia tuko pwani, mji uitwao Hastings. Akanyamaza kidogo, kisha sauti ikashuka: "Nani kafariki?" Nikamwambia hakuna, mama, tumekuja wawili tu, kupumzika. Alikaa kimya hadi nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza kama mke wangu amevaa sweta.

Usiku huo ndio Waingereza wanaorudisha saa nyuma. Inapofika saa 8 usiku, inageuzwa kuwa saa 7, na tofauti ya saa kati yetu na nyumbani inapanda kutoka 2 hadi 3. Kwa watu wengi hiyo ni saa moja zaidi ya kulala. Kwa muuguzi wa zamu ya usiku ni saa moja zaidi ya kusimama. Mke wangu aliniambia kwamba katika miaka yake hospitalini usiku huo ulimkuta kazini mara nyingi, na kwamba ile saa iliyojirudia ndiyo ndefu kuliko zote, kwa kuwa umeshaimaliza mara moja.

Alikuwa macho, kwa mazoea. Nikaamka nikamkuta dirishani amejifunika blanketi, nikavuta kiti. Chini yetu barabara ya ufukoni ilikuwa tupu, mabenchi yamelowa, na ng'ambo yake maji yalikuwa yanajaa gizani, yakivuta kokoto na kuzirudisha. Saa 8 ikafika, ikawa tena saa 7. Akasogeza nusu ya blanketi upande wangu.